Programu Tatu za Kupima Biashara ya Mbuzi

Hadi leo mtu akiniuliza ni programu gani nzuri ya kujaribu mkakati wa biashara, namjibu bila kumung'unya maneno. Nilizilinganisha tatu mwaka 2012, nikiwa Lodwar, na wala sikuzilinganisha kwa sarafu za kigeni kama walivyofanya vijana wa Nairobi. Nilitumia mbuzi.

Nilikuwa karani wa bei za mifugo. Kila wiki nililetewa fomu niliyoichora mwenyewe, kutoka soko la Lodwar na soko la Kakuma: mbuzi wangapi wameuzwa, na kwa bei gani. Bei za miaka minne zilikuwa zimelala kabatini, nami sipendi kuona kitu kimelala. Wenyeji walisema nimetoka Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine, na ni kweli mbuzi niliowazoea ni wale wa kufungwa kamba nyuma ya jikoni. Lakini kwenye hesabu hakuna aliyenitisha.

Aliyenitia ari ni mama mwenye nyumba niliyopanga, pale Nawoitorong, kando ya mji. Alikuwa mjane mwenye mbuzi majike ishirini, na hao ndio waliokuwa maziwa yake, akiba yake na heshima yake. Siku moja tulisalimiana ejok kama kawaida, halafu hakuondoka mlangoni.

"Karani, hiyo kompyuta yako inasema aje? Nikiuza hawa yote, ninunue dume hapa, nipeleke Kakuma, nitapata ama nitalia?"

"Nipe wiki tatu, mama. Nitakuambia mpaka siku ya kununua."

Naam, nilijipiga kifua namna hiyo.

Programu hizi kazi yake ni moja. Unaipa bei za zamani na kanuni yako, nayo inakuambia kama ungeifuata kanuni hiyo miaka ile yote ungekuwa wapi leo. Kanuni yangu ilikuwa rahisi: nunua Lodwar bei ikishuka wiki mbili mfululizo, uza Kakuma wiki ya mgao wa chakula kwenye kambi ya wakimbizi, watu wanapotamani nyama.

Ya kwanza rafiki alininakilia kwenye flashi. Ilikuwa imetengenezewa wauza fedha, kwa hiyo iliamini dunia nzima hulala Jumamosi, siku ambayo kwetu mbuzi waliletwa kwa wingi. Ilitupa bei zangu za Jumamosi zote bila hata kuniaga. Lakini ilichora picha nzuri, za kijani na nyekundu, na kwa hesabu yake mama angekuwa tajiri kabla ya Krismasi. Ya pili ilikuwa na akili zaidi ila haikufanya kazi bila intaneti. Nilishika modemu dirishani kama mtu anayeanika samaki, na mtandao ukikatika inaanza upya. Nayo ilisema kuna faida, ndogo kidogo.

Ya tatu ilikuwa jedwali tu, lililoandikwa na Mkongomani mmoja aliyekuwa na saiba, kibanda cha kulipia intaneti, kambini Kakuma. Sura haikuwa nayo. Lakini ilikata nauli ya lori, ilikata ushuru wa soko, na kila hatua ya hesabu uliiona kwa macho yako.

"Zile zingine ni za kupendeza macho," aliniambia. "Hii ya miye itakuonesha fasi umekosea."

Nikaichagua ya tatu, na nasema tena nilichagua vizuri. Hata yenyewe ilitoa faida. Programu tatu, jibu moja. Nilimwambia mama biashara ni nzuri, naye akapatana na mnunuzi aje kuchukua majike wote ishirini.

Sijui ni nini kilichonisukuma kwenda mwenyewe kwanza. Nadhani ni majivuno, nilitaka kuiona kanuni yangu ikitembea. Nilinunua madume wanane, nikapanda nao lori la Kakuma. Barabara ya siku hizo ilikuwa mashimo yaliyoshikanishwa na vipande vya lami. Karibu na Lopur springi ilivunjika, tukakaa juani hadi alasiri, mbuzi wamesongamana hawana pa kugeukia. Wawili walilala chini wakakanyagwa na wenzao. Wa tatu alikufa tunawashusha.

"Tatu tu?" dereva alisema. "Leo uko na bahati."

Wale watano niliwauza kwa bei ileile niliyotabiri, karibu shilingi kwa shilingi. Karani mwenzangu wa Kakuma akaja na fomu.

"Umeuza ngapi?"

"Watano."

Akaandika watano, akaandika bei, akafunga kalamu.

"Na waliokufa?" nikamuuliza.

"Hakuna mahali pa kuwaandika. Na hii fomu ulichora wewe, mkubwa."

Alikuwa anatania, lakini ilikuwa kweli. Miaka minne nilikuwa nimehesabu mbuzi waliofika tu. Nilizilinganisha programu tatu kwa wiki tatu, na zote nilizilisha kutoka chungu kimoja, nilichokipika mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye saiba. Programu zile mbili hazikuwa na mahali pa kuwekea mbuzi aliyekufa. Jedwali la Mkongomani tuliliongezea safu moja. Tuliwauliza madereva waliokuwa stendi kila mmoja hupoteza wangapi, tukaweka idadi ya yule aliyesema wachache zaidi. Faida ikageuka hasara, mwaka hadi mwaka.

Nilifika Nawoitorong kesho yake, siku moja kabla ya mnunuzi. Mama alinipa chai. Nilimwambia, "Usiuze, mama. Nilikosea." Niliona haya, na sitaki kuipunguza kwa maneno. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo nikamweleza yote, fomu, lori na wale watatu.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi najua hawa hukufa njiani," akasema. "Kila mtu anajua. Lakini bei yenu inasomwa kwa redio kila Ijumaa, na redio inasema Kakuma ni mzuri. Nikasema, watu ya ofisi wamesoma, hao wa kufa wameshatoa."

Akatuma neno kwa mnunuzi asije. Nilishusha pumzi, nikanyanyua kikombe.

"Na wale wengine wanasikia hiyo redio," akauliza, "umewaambia?"

"Bado."

Akakichukua kikombe mkononi mwangu, kikiwa bado kimejaa.

"Basi enda."