Gego la Kisimani kwa Mzee Bukuru

Nawasimulia tukio hili mwenyewe kwa sababu Kasulu nzima imeshalisimulia kwa namna yake, na kila anayelisimulia ananifanya mjinga zaidi, ingawa ukweli wenyewe unatosha: mimi, mtu wa meno, nilikaribia kumpeleka mzee wa watu jela kwa ajili ya jino.

Siku hiyo nilikuwa Heru Juu kukagua meno ya wanafunzi (kwetu ni Tanga, huku nimeletwa na kazi), mwenyekiti wa kitongoji akanifuata, akaniomba tufike kwa Mzee Bukuru, vijana wanaomchimbia kisima wameokota kitu. Tukakuta watu wamelizunguka shimo. Nikapewa kipande cheusi, kizito, kimevunjika, kina vinundu viwili vinavyong'aa kama jino. Ukubwa wake ulinitia shaka, na hapo ndipo ningesema sijui nikajiondokea, lakini watu wote wananitazama, koti jeupe nimevaa, nikasema, "Hili ni gego. Linafanana na la mtu."

Neno linafanana hakulisikia yeyote.

Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Ni Adela."

Adela alikuwa mke wa Bukuru, aliyeaga zamani kuwa anakwenda kwa ndugu zake Burundi na hakurudi (hayo niliyajua baadaye, wakati ule niliona tu mzee anakaa chini ghafla). Vijana wakapanda kutoka shimoni na majembe yao, wala hawakuyaweka chini.

"Muganga," Bukuru akaniambia, kwa jina wanalotuitia madaktari huku, "sema vizuri. Hilo ni la mtu?"

Nami, badala ya kukiri kuwa nimekurupuka, nikasema litahitaji uchunguzi. Fikirini neno hilo linavyosikika kwa watu walioshika majembe. Mmoja akapiga simu polisi, wengine wakaanza kuokota mawe, mwenyekiti akajiweka mbele ya mzee, akawa anawaomba wasubiri, na mimi nimekishika tu kile kipande.

Polisi wawili wakaja na pikipiki. Wakamfunga mzee pingu, wakaamuru shimo liendelee kuchimbwa na mimi nisimame ukingoni nitambue mifupa. Kila jembe liliposhuka nilifumba macho. Mwishowe likagonga kitu, wakafukua kwa mikono, wakakitoa. Nikapachika kile kipande changu, kikakaa barabara. Jino zima lilikuwa refu kama mkate, vinundu vimejipanga mistari.

Askari akaniangalia. "Daktari, huyo mama alikuwa na kinywa cha namna gani?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikasema mbele ya wote kwamba nimekosea, si la mtu. Pingu zikafunguliwa.

Picha nilimtumia mwalimu mmoja wa chuo kikuu, akasema ni la jamaa wa tembo wa kale, wanyama waliokwisha kupotea duniani. Akanipoza kwamba huko nyuma, katika nchi nyingine, hata wasomi waliokota meno kama hayo wakadhani ni ya watu majitu. Nikapoa kidogo, mpaka nilipokumbuka kuwa mimi ndiye niliyesomea meno.

Jumapili nikarudi kumwomba mzee radhi. Nilimkuta anachimba peke yake mahali pengine.

"Wewe ulikosea siku moja," akaniambia bila kuacha kuchimba. "Hawa majirani nimekula nao miaka yote hii, kumbe walikuwa wananiwazia hivyo."

Sasa mgonjwa akiniuliza nisichokijua namwambia sijui, hata kama atainuka kitini aende kwa mwingine.