Amplifaya Isiyo na Nembo

Amplifaya ile niliiunda mwenyewe, nyumbani kwetu Kilangali. Transfoma niliichomoa kwenye redio mbovu, mbao za boksi nikaomba kwa seremala, na kila waya niliulehemu kwa mikono hii. Ilipolia mara ya kwanza, besi nzito bila mkwaruzo, baba alisikiliza, kisha akauliza mbona haina nembo. Nembo! Kesho yake akabandua nembo ya kigeni kwenye redio iliyokufa, akaibandika kwenye boksi langu. Wageni wakiuliza, anawaambia kaletewa na kaka yangu aliyeko Dar. Nami niliwamiminia chai tu, maana mzazi habishiwi mbele ya wageni.

Sikukuu ya Idi kaka akaja, mikono mitupu kama kawaida yake. Nikamwamkia shikamoo. Baba akawasha muziki, akamshukuru mbele ya majirani kwa zawadi ile. Nilimkazia kaka macho, nikingoja akatae. Akacheka tu: "Usijali, mzee, nitakuletea kubwa zaidi."

Siku hizi ikianza kukwaruza, baba huniita niifungue, na kila mara husimama nyuma yangu akinionya, "Taratibu, mali ya kaka yako hiyo."