Wachimbaji Saba wa Mkono wa Kushoto

Ruguru ni mwoga, na nalisema mapema ili baadaye nisionekane namsengenya. Anaogopa mbwa, anaogopa barua yenye muhuri, anaogopa simu inayoita kabla jua halijapanda vizuri. Alipotoka kwao Kanja kuja kufanya kazi Meru, aliogopa njia nzima kwamba watu wa ofisi watamwona mshamba. Lakini kwa kazi aliyopewa, woga ni sifa nzuri. Ukimkabidhi Ruguru kitu kinachovunjika, hakitavunjika.

Kazi yenyewe ni hii. Katika jumba moja dogo la makumbusho mjini Meru kuna masanduku kumi na mawili ya picha za kale, zilizopigwa kwenye vioo na Mzungu aliyekuja zamani Tigania kuchimbua mabaki ya wahunzi. Picha imo kwenye utando mwembamba uliopakwa upande mmoja wa kioo, na utando huo umeanza kubanduka. Ruguru anavaa glavu, anakilaza kioo juu ya meza yenye taa, kamera iliyofungwa juu inakipiga, na picha inaingia kwenye kompyuta kabla haijapotea. Ameifanya kazi hiyo miaka miwili, kwa mkataba unaoisha Desemba.

Siku ya kwanza alifundishwa sheria moja: upande wa utando ulale chini, upande mtupu uitazame kamera. Ukilaza kinyume, picha inatoka imepinduka, kulia kunakuwa kushoto. Ruguru aliitikia kwa kichwa, kisha moyo wake ukakataa. Kuulaza utando ule juu ya meza? Na kama kuna chembe moja ya mchanga? Basi, bila kumwambia mtu, akawa analaza vioo kinyume, utando juu, halafu jioni anazigeuza picha zote kwenye kompyuta, sanduku baada ya sanduku. Ilikuwa kazi mara mbili na hakuna aliyemlipa kwa hiyo ya pili. Jioni ya sanduku la sita stima ilipotea, akaenda nyumbani. Kesho yake akaanza sanduku la saba.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tano ilikuja barua ya kamati ya maji kutoka huko huko Tigania, chini, ukishapita Muthara. Walikuwa wamepata kontrakta wa kuwachimbia bwawa kando ya kijito, lakini ilijulikana kwamba wahunzi wa zamani wamezikwa hapo, ng'ambo moja, na hakuna aliye hai anayekumbuka ni ng'ambo ipi. Kaburi la mhunzi halichezewi. Hata wanakwaya wa kule, watu wa Biblia kwapani, hawataki kugusa jiwe la mhunzi, maana laana yake inasemwa kwamba humruka mwenye kosa ikawashika watoto wake. Waliomba waonyeshwe upande salama.

Msimamizi wa makumbusho, Bwana Kithinji, alitafuta kwenye kompyuta akapata picha safi kabisa: jiwe kubwa la mviringo katikati ya kijito, ambalo lipo hadi leo, na marundo ya mawe ya makaburi upande wa kushoto ukitazama kijito kinakotoka. Akaichapisha, akaandika "chimbeni kulia", akatia sahihi, akapiga muhuri. Picha ilitoka sanduku la sita.

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, Awo aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya ngamia kama kawaida yake. Awo ni mfanyabiashara wa maziwa mjini, mama wa makamo mwenye gari la Probox na maoni kuhusu kila kitu. Aliinama mbele ya kompyuta ambako Ruguru alikuwa amefungua picha ya wachimbaji saba wakila chakula cha mchana, kila mmoja na kibuyu chake.

"Wallahi, watu wenu hawakuwa na adabu," Awo akacheka. "Wote saba wanakula na kushoto?"

Ruguru akacheka kidogo. Halafu akaangalia tena. Mikono saba ya kushoto midomoni. Pembeni alikuwa Mzungu mwenyewe, na kabuti lake limefungwa vifungo kike, upande ambao hakuna fundi anayemshonea mwanamume. Akafungua picha ya pili ya sanduku lile la sita, na ya tatu, na ile ya jiwe. Zote zilikuwa hivyo hivyo: jioni ile ya stima hakuzigeuza.

Makaburi yalikuwa kulia. Na Bwana Bundi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amepiga simu Jumanne kwa furaha kusema kwamba tingatinga linaanza Alhamisi, yaani leo.

Ningependa kukuambia kwamba aliruka kitini. Hakuruka. Awo alimwachia maziwa akaenda zake, na Ruguru akabaki ameshika ukingo wa meza. Alimwazia Bwana Kithinji, aliyekuwa semina Nairobi na sahihi yake iko kwenye karatasi. Aliuwazia mkataba. Akachukua simu, akabonyeza namba ya Bundi, akaikata kabla haijaita. Kisha likamjia wazo moja, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: akinyamaza, hakuna atakayejua. Tingatinga likishapita hapatakuwa na makaburi, bwawa litajaa maji, na picha ataigeuza leo leo kwa kubonyeza mara moja. Alikuwa tayari ameweka kidole. Alikaa hivyo, mikono ikimtoka jasho ndani ya glavu, na saa ya ukutani ikaenda mpaka saa nne na nusu.

Ndipo akapiga simu kweli. Bundi hapatikani. Akapiga mara sita. Akamtafuta Kithinji, simu imezimwa. Akatoka nje mbio na glavu mkononi, akamkuta Awo akipakia madebe barabarani, akamwambia yote kwa pumzi moja.

Awo hakumuuliza mbona umekaa. "Ingia gari," alisema. "Maziwa ikiharibika, iharibike."

Njiani Ruguru alikuwa akiomba, na ombi lenyewe lilikuwa na aibu, kwa sababu alijishtukia anaomba mashine iwe imeharibika, kisha anaomba watu wasimkasirikie, kisha anarudi kwenye mashine. Walipoiacha lami na kushuka kwenye vumbi, aliisikia kabla hajaiona. Ilikuwa inanguruma.

Walifika saa sita. Watu walikuwa wengi, wamevaa vizuri, maana asubuhi kulikuwa na maombi ya kubariki bwawa. Jiwe la mviringo lilikuwa pale kijitoni, na kulia kwake tingatinga lilikuwa limeshafungua shimo refu. Ruguru alipita katikati ya watu bila kuzisikia hata hatua zake. Kwenye ukingo wa shimo kulikuwa na udongo mwekundu uliotoka kutolewa, na ndani ya udongo, mawe yaliyopangwa na mikono ya watu, na mabonge meusi, mazito, yenye matundu. Mavi ya chuma, takataka za tanuri la wahunzi. Ameyaona kwenye vioo mara mia.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Simamisha hiyo kitu!"

Dereva, mwanamume wa Kiritiri aitwaye Gichovi, alizima injini.

Bundi alikuja akitabasamu, mzee wa suti ya kahawia. "Madam wa museum! Karibu. Kuna nini?"

"Makaburi iko hapa, si kule."

"Picha ilisema kule."

"Picha iligeuka. Ni mimi niliigeuza. Si Bwana Kithinji. Niliweka kioo vibaya, halafu nikasahau kurekebisha."

Habari ilipita kwa Kimeru kutoka mdomo hadi mdomo, na watu wakaanza kurudi nyuma, polepole, kama wanaoondoka kwenye moto. Akina mama wakawavuta watoto. Gichovi alishuka. Alitazama mawe, akatazama viganja vyake, akavifuta kwenye suruali, akavifuta tena.

"Hayo mawe mengine nilitoa na mkono," alisema kwa sauti ndogo. "Yalikwama kwa meno ya mashine, nikayatoa na mkono. Mimi niko na mtoto wa wiki tatu."

Ruguru ni Mkristo, amebatizwa na kuthibitishwa, na pale pale aliogopa laana ile kuliko yeyote kati yao.

Bundi hakupandisha sauti. Pengine angepandisha, ingekuwa nafuu. Alisema mashine isitoke mahali ilipo, mtu asiguse kitu. Akamgeukia Ruguru, na lililomtoka lilikuwa karibu shukrani.

"Umekimbia kutoka Meru kutuambia. Wengine wangenyamaza. Network hapa ni shida, najua umejaribu." Akamtazama dereva. "Gichovi, hayo mawe umetoa saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Kabla ya hapo ilikuwa mchanga tu."

"Nusu saa," Bundi akasikitika. "Tumechelewa kwa nusu saa tu. Na wewe madam, uliona hii makosa saa ngapi?"

Ruguru alimtazama Awo. Awo alikuwa anatazama viatu vyake. Ilikuwa rahisi sana kusema saa nne na nusu, na mzee angemshika mkono, na watu wangesema alijitahidi. Gichovi alikuwa amesimama karibu, mikono ameitenga na mwili wake, anangoja jibu pamoja na wengine.

"Saa tatu," Ruguru alisema.

Bundi hakuelewa mara moja. Gichovi alielewa.