Fundo Linalopimwa kwa Mdomo

Jua bado ni jekundu juu ya mdomo wa mto Westport, na Odete Pimentel ameshapoteza mkunga wa kwanza, samaki wa chambo mwenye umbo la nyoka.

Alikuwa amemshika. Ana hakika, kwa sababu macho yake yalimwona mkunga ndani ya kiganja. Lakini vidole havikumwambia kitu. Mkunga ameteleza, ameanguka sakafuni, na sasa anajinyonganyonga chini ya kiti cha mgeni.

"Nyoka! Cliff, nyoka!" anapiga kelele Lorraine Dufresne, akiinua miguu yote miwili.

"Ni samaki huyo, mke wangu," anajibu mumewe, Clifton, dereva wa basi aliyestaafu. "Nyoka ni wewe, unayenifuata mpaka baharini."

Wanacheka. Odete hacheki. Anamtazama mtu mmoja tu, Kapteni Wendell Brayton, mzee wa miaka sabini na moja aliyesimama kwenye usukani. Naye hacheki.

Hii ndiyo safari ya majaribio. Juzi, walipokuwa wakiosha boti, Wendell alimwambia wazi: watatoka na wageni mara moja, na mkono wa Odete ukishindwa kazi, nafasi yake itachukuliwa na Duarte, kijana wa jirani mwenye vidole vizima.

"Sina ugomvi na Odete," Wendell ananiambia mimi, mwandishi niliyepanda nao, kwa sauti ya chini. "Tumefanya kazi pamoja tangu watoto wangu wako shule. Lakini kule tunakokwenda, mtu akishika kitu vibaya mara moja tu, naokota maiti. Nimeshaokota moja. Sitaki nyingine."

Odete ana miaka hamsini na minne. Wazazi wake walihamia pwani hii ya Massachusetts kutoka visiwa vya Azori, na baba yake alikuwa mvuvi. Kazi yake kwenye boti hii, iitwayo Hannah B., ni kufunga zana za wageni na chambo hai cha kumnasa besi wa milia, samaki ambaye watu wa hapa huweza kumnunia ndugu kwa ajili yake. Hulipwa dola mia mbili kwa safari, na bakshishi mgeni akirudi na furaha. Msimu ukiisha, hupasua kome kiwandani.

Januari iliyopita aliteleza kwenye barafu nje ya kanisa, akiwa amebeba sufuria ya supu ya wagonjwa wa parokia. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika. Mfupa ulipona. Hisia za kidole gumba na vidole viwili vinavyokifuata hazikurudi.

"Nikishika kikombe, najua kwa kukiona tu," anasema. "Ni kama mkono wa kuazima. Watu waliniuliza kama nimemkasirikia Mungu, kwa sababu nilikuwa kwenye kazi yake. Nimemkasirikia, ndiyo. Halafu nikarudi, maana sina pengine pa kwenda."

Kazi yake iko vidoleni. Mkunga lazima aingie majini akiwa mzima na aogelee kama hajui ametumwa. Ukimbana sana, anakufa. Ukimlegezea, anajiviringisha kwenye mshipi na kuufanya kibonge cha ute na mafundo.

Odete anachukua mkunga wa pili kwenye sanduku la barafu. Baridi imemtuliza kidogo. Anamshika kwa kitambaa kikavu, safari hii kwa mkono wa kushoto wenye hisia, kisha anaipitisha ndoana kutoka chini ya kidevu mpaka puani. Wendell anageuza uso na kutazama mbele.

Mkono huo wa kushoto ulipata shule yake jikoni. Msimu wote wa baridi, kila usiku, mama yake, Idalina, mwenye miaka themanini na mitatu, alisali rozari mezani, na Odete akafunga mafundo kwenye mguu wa kiti. Salamu Maria moja, fundo moja. Mwanzoni mama alimaliza rozari nzima kabla binti hajamaliza kumi la kwanza.

"Nilikuwa nasali polepole makusudi," Idalina aliniambia. "Usimwambie."

Nje ya kisiwa cha Cuttyhunk, bahari inabadilika. Mkondo unapita juu ya miamba iliyojificha na maji yanasimama wima kama yamegombana. Wendell hatii nanga. Anaishikilia boti kwa injini, ikielekea mkondo, na miamba iko nyuma yetu. Hapo katikati ya povu ndipo besi wakubwa husubiri chakula kiletwe na maji. Lakini maji yakilala, nao hufunga midomo, na leo yamebaki na nguvu ya muda mfupi.

"Nisikilize, bwana Cliff," Odete anasema, akimkabidhi fimbo. "Akigonga, usivute. Mwache aondoke nayo. Ndoana hii ya duara inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Ukivuta, unaitoa."

"Baba yangu alinifundisha kuvuta."

"Na wangu pia. Ndoana zilikuwa nyingine. Zile samaki alizimeza, ukimrudisha majini anakufa. Sheria ya sasa inataka hizi. Usivute."

"Sivuti."

Mshipi unarudi nyuma na maji. Unakaza. Fimbo inagonga mara mbili, na Clifton Dufresne anavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Ndoana inaruka kutoka majini ikiwa na kichwa cha mkunga.

"Nimekwambia nini?" Odete anauliza.

"Si mimi, ni mikono!"

"Basi ifundishe adabu."

"Utachoka, dada," Lorraine anasema. "Mimi nimeanza siku ya harusi."

Mkunga wa tatu anaingia majini na papo hapo anajikunja. Odete anauvuta mshipi haraka, lakini kipande chake cha mwisho, kile kinene kinachobeba ndoana, kimekuwa kibonge. Hakuna wa kukifungua. Anakikata na kuchukua kingine.

Boti inapanda wimbi na kushuka. Wendell ananyoosha mkono mmoja bila kuachia usukani.

"Lete hapa, Ode."

"Bado."

"Lete, nakwambia."

"Kapteni, bado."

Anafunga. Kushoto anazungusha, kulia anashikilia kwa kuangalia tu, meno yanavuta ncha. Analilowesha fundo kwa mate na kulikaza. Ni fundo zuri. Clifton analisifu. Hata Wendell anaitikia kwa kichwa.

Odete anaitia ndoana kwenye chuma cha kufungia kamba ukingoni mwa boti, anauzungushia mshipi kwenye kitambaa, anavuta. Fundo linateleza na kufunguka.

Odete analitazama. Angeweza kulitupa majini vilevile. Samaki angepotea, na samaki hupotea kila siku katika bahari ya Mungu. Nani angejua?

"Halifai," anasema kwa sauti. "Nafunga tena."

"Maji yanalala, Ode."

"Nayaona."

Anaeleza baadaye kwamba fundo huzungumza na vidole: mtu husikia mizunguko ikilala mmoja kando ya mwenzake, au mmoja ukiupanda mwingine. Vidole vyake havisikii tena. Safari hii, kabla ya kukaza, analipitisha fundo taratibu juu ya mdomo wake wa chini, akiwa amefumba macho. Anatulia. Anarudisha mzunguko mmoja nyuma. Analipitisha tena, kisha anakaza.

"Mdomo wangu haukuanguka kwenye barafu," aliniambia. Alipofumba macho alisali neno moja tu: shika.

Anavuta kwenye chuma. Linashika. Anavuta tena mpaka mshipi unakata kitambaa. Linashika.

Mkunga wa nne anaingia majini akiogelea vizuri. Mawimbi yameanza kuwa mafupi. Wendell anatazama miamba, anatazama maji, anatazama saa. Odete amesimama nyuma ya Clifton, na Lorraine amekishika kiwiko cha mumewe kwa mikono yote miwili.

Fimbo inagonga.

"Usi..." Odete anaanza.

"Mwachie!" Lorraine anafoka, akining'inia kwenye kiwiko kwa uzito wake wote. "Cliff, ukivuta unarudi nyumbani kwa miguu!"

Clifton anaishika fimbo bila kuvuta. Mshipi unakwenda, unakwenda, kisha unakaza wenyewe na fimbo inainama mpaka majini.

Samaki anakimbilia kwenye miamba. Wendell anaipeleka boti pembeni, akilaani kidogo na kuomba msamaha kidogo. Mzigo wote uko kwenye fundo lile moja, na Odete anatazama mahali mshipi unapoingia majini kana kwamba anaweza kuliona. Mara mbili samaki anasogea, mara mbili anaondoka tena.

Hatimaye anaonekana ubavuni: tumbo jeupe, milia myeusi, kichwa kama buti. Ni mkubwa kupita kipimo kinachoruhusiwa. Lazima arudi, tena arudi hai.

Odete analala ukingoni, anamshika taya ya chini kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia anaigeuza ndoana. Iko pembeni kabisa mwa mdomo. Inatoka. Anamwelekeza samaki kichwa kwenye mkondo na kusubiri. Samaki hatikisi hata pezi. Odete anasubiri. Taya inafunga juu ya kidole chake cha kushoto, mkia unapiga, na uso wake wote unalowa.

"Ameniuma!" anacheka, kwa mara ya kwanza leo. "Ameniuma, nimesikia!"

"Dada," Lorraine anasema, "huo mkono mwingine unatoka damu."

Ncha ya ndoana imekipasua kidole gumba cha kulia. Hakuwa na habari. Anakificha ndani ya kitambaa, lakini Wendell ameshaona.

Njia nzima ya kurudi nahodha hatoi macho kwenye maji. Wageni wanagawana mkate mtamu ambao Idalina aliwafungia. Odete hagusi wake.

Gatini, wageni wakishaondoka, Wendell anazima injini.

"Kesho wapo wageni wanne," anasema. "Wanataka mikunga."

"Na Duarte?"

"Duarte asingelivuta lile fundo kulijaribu. Angelitupa majini, samaki apotee, tuseme bahati mbaya." Anavua kofia, anaitazama ndani. "Ila mkono huo uvae glavu. Unanichafulia boti."

"Ndiyo, Kapteni."

"Na ukiniambia 'bado' tena, nakutupa."

"Bado hujanitupa."

Jioni, jikoni, supu ya sukuma na maharage inapoa. Odete anazungumza habari ya cheti cha unahodha. Anataka kuufanya mtihani mwakani, kwa kuwa Wendell amesema hatafia kwenye usukani, na Hannah B. itahitaji mtu. "Usukani unashikwa kwa kiganja," anasema. "Kiganja changu kizima."

Huku akisema, anafunga zana za kesho. Kila fundo analipitisha mdomoni, anatulia, anakaza.

Idalina anamtazama juu ya miwani, rozari mkononi.

"Siku hizi unabusu ndoana?"

"Napima, Mama."

Mama anauinua msalaba mdogo wa rozari, anaubusu, na kuanza kumi lingine.

"Na mimi napima," anasema. "Haya, funga."