Uwanja Usio na Ua

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, upande wa Kiogoro, na kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu ya mkojo. Haikutoka chooni. Ilitoka kwenye ukuta wa uwanja wa mpira, ule ukuta mmoja tu uliowahi kumalizika, na juu yake kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu yanayokataza watu kukojoa hapo. Mzee mmoja alikuwa amesimama chini ya maandishi hayo hayo, anakojoa, na alinisalimu vizuri sana.

Wewe unanijua, rafiki yangu. Shule sikuimaliza, na tangu nitoke nyumbani sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimepakia saruji, nimepaka rangi mabati, nimelinda maghala ya watu. Lakini kila mji niliofika, kabla sijatafuta pa kulala, nilitafuta uwanja wa mpira. Sijui ni ugonjwa gani. Pwani niliona uwanja mmoja ambamo mbuzi walilala kwenye goli, na hakuna aliyewafukuza kwa sababu ndio waliokuwa wakikata nyasi. Katika Bonde la Ufa niliona jukwaa lililoibwa paa, kisha viti, kisha ngazi, likabaki mifupa. Karibu na Ziwa nilikuta sukuma wiki imepandwa kutoka kona hadi kona. Na kila mahali kulikuwa na jiwe la msingi, limeng'arishwa, limechongwa jina la mheshimiwa. Nyasi zinaweza kukosekana, choo kikakosekana, hata mpira wenyewe. Jiwe lipo. Nilikuwa nalisoma, natema mate langoni, naenda zangu.

Uwanja wa kwetu tu ndio sikuwahi kuutemea mate.

Ardhi yetu yote imeegemea. Nyumba zimeegemea, migomba imeegemea, hata ng'ombe akisimama malishoni miguu ya upande mmoja inabidi ikunjwe. Katika bonde letu palikuwa na mahali pamoja tu palipolala sawasawa, napo palikuwa pa nyanya yangu. Nyumbani tulimwita magokoro, ndivyo tunavyoita nyanya kwa lugha yetu. Marehemu mumewe ndiye aliyemwachia pale, na ng'ombe wake walipumzika hapo jua likiwa kali. Mimi nilipewa jina la huyo marehemu, kwa hiyo magokoro hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita mume wangu. "Mume wangu, kuni ziko wapi? Mume gani huyu anayeniacha nipike kwa majani?" Majirani walicheka, nami niliona fahari.

Miaka michache baada ya bendera mpya kupandishwa, mwalimu wa shule yetu alikuja kumwomba. Wavulana walikuwa wanacheza barabarani na mpira ulikuwa unateremka hadi mtoni kila dakika. Magokoro alimsikiliza huku anachambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, kisha akasema atatoa pale mahali kwa masharti mawili. La kwanza, siku ya Sabato hakuna mtu kuchezea hapo, awe Msabato au asiwe. La pili, hakuna ua.

"Ua wa nini, magokoro?" mwalimu akauliza.

"Wowote. Ng'ombe wangu hawajawahi kumuuliza mtu anatoka wapi."

Basi ukatangazwa risaga, ule utaratibu wetu wa majirani kulima pamoja shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Ila safari hii shamba lilikuwa la kila mtu. Wanaume walikata kilima kwa majembe, wakabeba udongo kwa vikapu na kuumwaga upande wa chini. Wakatoliki wa ng'ambo ya mto walikuja na wao. Ninakumbuka harufu ya udongo mbichi ikichanganyika na ya maua ya pareto yaliyoanikwa kwenye mikeka, na wanawake wakishuka na vibuyu vya uji wa wimbi uliochachuka vizuri, ule unaokufanya ufumbe jicho moja. Pale kilima kilipokatwa ukabaki mteremko mkubwa wa nyasi, na huo ndio uliokuwa jukwaa letu. Juu yake magokoro alichimbia bapa la jiwe laini la waridi lililoletwa kutoka machimbo ya Tabaka, akalifanya kiti. Unga wa mawe hayo hayo ndio tuliochorea mistari.

Siku ya mchezo wa kwanza alipiga funda la uji, akaupulizia mpira wetu wa maganda ya migomba kuubariki kimila, pu! Mchungaji alitazama pembeni kama mtu aliyeona ndege.

Hata baada ya kazi yote ile, goli moja lilikuwa chini kuliko lingine kwa kimo cha mtoto. Tukirusha sarafu, aliyeshinda alichagua kushambulia kuteremka, lakini kufikia mapumziko mvua ilikuwa imeshanyesha, kwa hiyo zamu yake ya kupanda ikifika alipanda kwenye tope. Mpira mpya ilibidi usukwe Ijumaa kabla jua halijazama, maana baada ya hapo magokoro hakutuacha tufunge hata fundo moja. Jumamosi Wakatoliki walipita njiani wakitutania. "Wasabato! Mpira wenu umeokoka?" Lakini hawakukanyaga uwanja. Waliingia Jumapili mchana, wametoka misa, na sisi tumekwisha kula ndizi za kuchemsha na maharagwe, na mpira ukianza ilikuwa vita. Magokoro alikaa kwenye jiwe lake akigawa ndizi kwa yeyote aliyekaa karibu, hata kwa wale waliokuwa wanamtukania timu.

Sasa nisikilize vizuri.

Palikuwa na mfanyabiashara mwenye duka sokoni Masimba, aliyejifanya mwenyekiti wa kamati ya michezo. Nasema aliyejifanya kwa sababu sikumbuki tukikaa kumchagua. Wakati huo wapimaji wa ardhi walikuwa wanapita na minyororo yao, kila kipande kinaandikwa jina la mtu. Mwenyekiti akaja na karatasi na sahani ya wino. Alisema serikali inataka kutujengea uwanja wa kweli, wenye jukwaa la mawe na magoli ya chuma, lakini haiwezi kujenga mahali pasipoandikwa. Wazee wa kijiji walikuwa wameshakubali kwamba aandikwe yeye, kwa niaba ya wote. "Mwandikeni tu," walisema. "Jina ni la karatasi, uwanja ni wetu." Leo nikiwafikiria wazee wale naona hasira, kisha naona haya. Hawakuwa wamewahi kumiliki kitu kwa karatasi. Kwao mwenye mahali alijulikana kwa kuwa kila mtu anamjua.

Baba yangu alikuwa Kericho akichuma majani ya chai ya watu. Mwenye kutia kidole alibaki magokoro, na yeye hakutaka kutia kabla hajasomewa.

"Nitakusomea mimi, magokoro," mwenyekiti akasema.

"Wewe ndiye unayetaka. Asome mume wangu."

Nilikuwa darasa la sita. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na katika kila mstari nilielewa maneno manne au matano. Nilitafuta neno la uwanja nikalipata. Nililiona pia jina la mwenyekiti, mara tatu. Jina la kijiji sikuliona. Neno la kwa niaba sikuliona, na nililijua, mwalimu alikuwa ametufundisha. Mwenyekiti alikuwa amenishika bega. Alikuwa ameshaniambia, tukiwa njiani, kwamba timu ya kwanza kucheza kwenye uwanja mpya itavaa viatu vyenye meno, na kwamba beki wa kushoto ni mimi.

"Inasema watu wote wataingia?" magokoro akauliza.

"Inasema."

"Inasema hakutakuwa na ua?"

Nilisogeza kidole kwenye mistari kama mtu anayesoma.

"Inasema."

Akatia kidole. Kisha akakifuta kwa jani la mgomba, akaniuliza kama nimeshiba.

Seng'enge ilikuja kabla ya jiwe la msingi. Ukuta ulifuata, ule mmoja, kisha lango la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Jukwaa la mawe halikuja, lakini viatu vilikuja. Siku ya kufungua, mheshimiwa alihutubia mpaka mvua ikakaribia. Ilikuwa Jumamosi. Nadhani mimi tu ndiye niliyeona kwamba ni Jumamosi, na nilijiambia kwamba serikali haina Sabato. Tulikuwa tumejipanga karibu na lango, jezi zinanuka duka, nilipomwona magokoro anateremka kutoka kanisani na nguo yake nyeupe. Hakuwa amekuja kutazama mpira. Alikuja kuuliza kwa nini watu wako uwanjani siku ile. Askari, mtu wa mbali asiyejua lugha yetu, alimzuia kwa rungu.

"Nyanya, tiketi."

"Tiketi gani?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota. "Hii mahali ya ng'ombe yangu."

"Ng'ombe hawaruhusiwi, nyanya. Rudi nyuma."

Watu wakacheka. Yeye akachungulia kupitia vyuma vya lango, akaniona. Uso wake ukafunguka.

"Mume wangu! Mwambie huyu. Wewe ulisoma."

Wenzangu waligeuka wote kunitazama. Kipa akanipiga kiwiko. "We, bibi yako anakuita." Niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa tayari. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, nikaifunga, polepole, mpaka niliposikia sauti yake haipo. Tulishinda mchezo ule. Usiniulize mabao mangapi.

Hakunilaumu. Nilirudi nyumbani nikakuta chakula kimefunikwa, na kesho yake akanituma kuni. Aliniita kwa jina langu. Toka siku hiyo mpaka alipofariki aliniita kwa jina langu, na uwanjani hakukanyaga tena. Kabla mwaka haujaisha niliacha shule. Niliwaambia watu kwamba kusoma kumenichosha.

Mchezo haukudumu miaka mitatu, maana pesa za kiingilio watu hawakuwa nazo, na waliokuwa nazo hawakutaka kutazama mpira kwenye uwanja wa mtu. Mwenyekiti alifariki, wanawe wakapangisha. Sasa malori mabovu yanaozea hapo. Haya aliniambia yule mzee, akifunga suruali, na akanionyesha tundu la kupitia ukutani kwa sababu lango halijafunguliwa tangu malori hayo yaingizwe.

Nikaingia. Goli la chini limefukiwa na taka: nepi, chupa, mabaki ya miwa yanayovuma nzi, mbwa aliyekufa aliyevimba kama ngoma. Jiwe la mheshimiwa linang'aa. Goli la juu limeng'olewa. Hakuna sauti ya mtoto hata mmoja, na ilikuwa Jumapili mchana, saa ile ile. Nilipanda mteremko ili niondokane na harufu. Nilipofika juu nikatema mate kama nilivyotema nchi nzima.

Yalipotua ndipo nilipoona yametua wapi. Jiwe la magokoro lilikuwa limezama kwenye uchafu, kona moja tu ndiyo iliyokuwa nje, ya waridi. Nikapiga magoti nikalifuta kwa kiganja. Nilifuta mate yangu, na kiganja kikatoka na ya watu wengine wote waliopita hapo kabla yangu.