Kitufe cha Kijani na Flashi ya Mama

Mama alikuwa Chwele, peke yake tangu baba azikwe, nami nilikuwa nimepanga chumba Kitale. Kila asubuhi kabla ya chai alinipigia flashi: simu inaita mara moja, anakata, kredit yake inabaki salama. Maana yake, nimeamka. Masharti aliyaweka mwenyewe: "Isiporia, ujue sijaamka. Ikiita mpaka mwisho, kuna shida, shika."

Ndiyo maana kitufe cha kijani cha simu yangu, cha kushikia na kupigia, kilipokufa sikujisumbua. Flashi haishikwi, na kredit ya kupigia watu ningeitoa wapi? Nilikibonyeza, nikakitukana, nikakiacha.

Jumapili moja simu iliita. Ikaita. Jina la mama lilikuwa likiwaka kwenye kioo nami nikikibonyeza kile kitufe kwa kidole gumba, kwa ukucha, kwa mpini wa kijiko. Ikanyamaza. Ikaita tena mpaka mwisho, ikanyamaza. Ya tatu niliibonyeza huku nikilia, sioni haya kusema.

Nilikimbia na ndala hadi kibanda cha simu ya jamii. Yule mwanamke wa kwenye laini akaniambia kwa adabu zake zote kwamba mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nilimchukia kama mtu aliyenikosea. Lililobaki lilikuwa kurudi chumbani na kutengeneza simu yangu, ili mama akipiga tena nimsikie.

"Si upeleke kwa fundi bana?" akasema jirani yangu, aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni.

"Fundi ako kanisa."

"Basi ngoja atoke. Haraka haraka haina baraka."

Ningeweza kumrushia sufuria. Badala yake nilimwomba ile karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya sigara za mumewe, maana niliwahi kumwona fundi wa Kiminini akiitumia.

Nilifungua skrubu kwa ncha ya kisu. Hapo ndipo roho iliponiruka. Simu ikiwa nzima inaita na siwezi kuishika. Ikiwa vipande naweza kuitengeneza, lakini haiwezi kuita. Muda wote iliokuwa pale mezani, mama angeweza kuwa anapiga. Skrubu moja ikabingirika chini ya kitanda, nikaiacha huko. Nikasugua sakiti kwa raba ya penseli na tone la spiriti ya kuwashia jiko. Ikatoka sukari iliyoganda, ya chai yangu mwenyewe. Nyuma ya kitufe, pale kidoa cheusi kinachogusa sakiti kilipokuwa kimelika, nikabandika kipande cha karatasi ya fedha, kidogo kama punje ya dengu. Gundi ikakataa kukauka. Nikaipuliza, nikaipepea, nikaketi, nikainuka, nikaizunguka meza, nikaipuliza tena. Jirani akaniletea mandazi. Sikuyagusa.

Nilipoifunga na kuiwasha, ikapiga muziki wake wa kukaribisha, ikijivuta kana kwamba tuko harusini. Kisha ikaita.

Nikabonyeza kijani. Kikashika.

"Mama! Kuna nini?"

"Wee! Umeshika ya nini?" Ilikuwa sauti yake, kali na nzima. "Umekura kredit yangu! Hii kitufe nyekundu imekufa, ndio maana inaita tu. Nimepiga, nimepiga, nione kama itakata. Imekataa mpaka nikatoa betri. Sasa nimerudisha nijaribu tena, na wewe ati unashika!"

Nilikuwa nacheka na kamasi zinanitoka. Nikamwambia Jumamosi nitakuja na raba yangu nimtengenezee, lakini kredit ilikuwa imeshakwisha na laini imekatika.

Kesho yake asubuhi simu iliita. Ikaita. Nikajiambia, ni kile kitufe chekundu tu. Yuko jikoni kwake, anagombana nacho. Nikaikalia mikono yangu. Lakini siku ya shida yenyewe, si italia hivihivi?

Nikashika.

"Wewe mtoto husikiangi!" akafoka. "Si nirikwambia jana?"

Nilimwacha afoke mpaka kredit yake ikaisha.