Kuni za Nabintu zilivyoita msiba Kamwokya

Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Kalerwe, Kampala. Tope linafika vifundoni. Nabintu anainama kati ya mafungu ya muhogo, akiokota majani ambayo wauzaji wameyatupa.

"Mama, mbuzi yako iko ngapi?" muuzaji mmoja anamtania.

Hana mbuzi hata mmoja. Waganda wengi hawali majani ya muhogo, lakini yeye ni mtu wa Bukavu. Huyatwanga, akayachemsha kwa mawese, kisha akawauzia Wakongo wenzake mtaani Kamwokya. Ndiyo sombe. Siku njema humpa shilingi elfu kumi na tano.

Vyakula vya hapa navyo vilimpa tabu. Alipoona sinia la senene, wale panzi wa kukaangwa, alidhani ni chakula cha kuku.

"Jirani yangu Zulaikha alinitia mmoja mdomoni kwa nguvu," anasema. "Sasa ni mimi ninayemwomba."

Kicheko kinaishia hapo. Machi mwaka huu mumewe, Mushagalusa, alirudi Bukavu kumchukua mama yake, vita ikiwa imepamba moto. Alipiga simu mara moja akiwa njiani. Tangu hapo, kimya. Mtaa mzima unajua.

Mwezi Mei makaa yalipanda bei. Nabintu akapata magogo ya mfenesi uliokatwa karibu na kwake, akayawasha mlangoni jioni na kubandika sufuria. Kwao Bukavu sombe huchemshwa hivyo, nje, kwa kuni.

Kampala watu hupikia sigiri, jiko dogo la makaa. Magogo yakiwaka mlangoni, mtu hahitaji kuuliza: kuna msiba ndani. Nabintu hakulijua hilo, na nani angemwambia?

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Opoka, polisi mstaafu kutoka Gulu, na kiti chake mkononi. Akafuata Zulaikha na mkeka, kisha wanawake wawili na mkungu wa matoke.

"Nikasema, majirani wa huku wana moyo. Nikaanza kuwapakulia sombe," Nabintu anakumbuka.

Zulaikha akamshika mkono. "Dada, sisi ni wa Mungu, na kwake tunarudi."

"Nani amekufa?"

"Si Baba Ansima?"

Ansima ni binti yao wa miaka minane. Nabintu akaamini majirani wamepata habari kabla yake. Akapiga yowe, akaanguka chini. Yowe lile likawathibitishia wenzake, nao wakaangua kilio. Yeye alilia kwa sababu wamemwambia, wao walilia kwa sababu amewasha kuni.

Ni Opoka aliyekuja kuuliza, "Hii habari nani alileta?"

Watu wakatazamana. Zulaikha akaonyesha moto.

Sijui hadithi nyingine ya kusikitisha hivi inayoweza pia kumchekesha mtu. Lakini jioni ile hakuna aliyecheka. Opoka alitaka kuyazima magogo, Zulaikha akamkataza, akisema chakula kilicholetwa hakirudishwi. Waliketi, wakala matoke kwa sombe. Kufa kuzikana, wahenga walisema, na hawa walikuja kuzika hata pasipo maiti.

"Tangu siku ile sina amani," Nabintu anasema, akifunga gunia lake. "Nimeshamlilia. Nikimwombea arudi, moyo unaniuliza: unamwombea nani?"

Mwezi ujao atamwacha Ansima kwa Zulaikha, apande basi hadi Kisoro, kisha afike mpakani Bunagana. Anataka kuwauliza madereva wa malori na wabeba mizigo, mmoja mmoja, akiwa na picha ya mumewe.

"Nikimpata nitamwambia alishaliliwa Kamwokya. Atacheka sana, yule mwanaume anapenda kucheka."

Anajitwika gunia, anaanza kuondoka, kisha anasimama.

"Nisipompata, nitarudi niwashe kuni mimi mwenyewe. Watakuja."